Kinyumenyume Hadi kwa Awad

Wewe unayenisikiliza, umewahi kukaa ndani ya gari ambalo injini inalia kwa nguvu zake zote na magurudumu hayana habari? Mguu umekandamiza mafuta mpaka mwisho, moshi unatoka nyuma, na mzeituni uliokuwa dirishani kwako bado uko dirishani kwako. Basi hivyo ndivyo tulivyokuwa Ijumaa ile kwenye mlima wa kwenda kwa Awad: mimi nyuma na kapu langu, mkwe wangu Hiyam mbele na mto mgongoni, na mwanangu Mufleh kashika usukani kama anayemkaba mtu.

"Mama, shuka kidogo upunguze uzito."

"Uzito wangu?" nikamwambia. "Mimi na kapu langu hatufiki gunia la shayiri. Mshushe huyo shetani aliyeingia kwenye giaboksi."

Hiyam hakucheka. Alikuwa amefumba macho. Viatu vyake alikuwa amevipasua pembeni kwa mkasi, maana miguu ilikuwa imevimba haiingii, na kucha zake zilikuwa na rangi ya majivu. Figo zake zote mbili zilikwisha kufa. Kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano lazima afike Karak hospitalini alfajiri, alazwe pale, mashine imtoe damu, iisafishe, imrudishie. Siku ambayo hakufika, hakuna mahali pengine pa kuisafisha. Na cha kumfikisha kilikuwa gari hili, Mjerumani mzee wa gia za kujiendesha zenyewe, ambaye sasa alikuwa hataki kujiendesha wala kuendeshwa.

Haikuanza kwa kishindo. Ilianza kama uvivu. Asubuhi gari likiwa baridi lilikwenda vizuri, likipata moto linaanza kuteleza: injini inapanda sauti, gari linafikiri kwanza, halafu linaruka kama mbuzi aliyechomwa na mwiba. Mufleh akawa anasema ni baridi, ni vumbi, ni macho ya watu. Mpaka siku moja tukiwa tunarudi, Hiyam kachoka hawezi hata kushika kichwa chake, gari likagoma katikati ya barabara, na malori yanatupigia honi kutoka nyuma.

Tukamwendea Nayef, fundi wa giaboksi pale Karak. Nayef ni mtu wa maneno machache, mnene, ana kidole kimoja kisicho na ukucha. Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakinusa, kisha akaninusisha na mimi kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu nikichungulia. Oili ya giaboksi ikiwa nzima ni nyekundu kama maji ya komamanga. Ile ilikuwa nyeusi kama mashapo ya kahawa, na ilinuka kitunguu kilichosahauliwa jikoni.

"Nikiweka oili mpya, itakufa leo," Nayef akasema. "Nikiiacha, itakufa kesho. Chagueni."

"Na ukiifungua ukaitengeneza?" Mufleh akauliza.

"Nikaifungua nikaweka nini ndani? Sahani zake zimelika, zimebaki kama mikate myembamba ya sajj. Vipuri vya gari hili vilikwisha kabla wewe hujaota ndevu. Tafuta giaboksi nzima, itoke kwenye gari kama hili hili. Si ndugu yake wala binamu yake. Pacha wake."

Mufleh akaenda Zarqa kwenye mayadi ya magari yaliyovunjwa, akashinda huko akikanyaga vioo. Alipata mbili tu. Moja ilikuwa ya gari la gia za mkono. Nyingine ilikuwa ya kwetu kabisa, akaikumbatia kama amepata mtoto, lakini walipoiinamisha yakatoka maji ya kutu, imelala mvuani misimu sijui mingapi. Akarudi nyumbani, akala dengu bila mkate.

Na kumbe kijiji kizima kilijua pacha wa gari letu yuko wapi. Yuko kwa Awad, chini ya mzabibu, kuku wanalala ndani yake.

Awad ni kaka yake Hiyam, wa tumbo moja. Lile lilikuwa gari la baba yao, mzee Ogla, Mungu amrehemu. Mzee Ogla na mwanangu walikwenda Zarqa pamoja wakati ule wa uchumba, wakanunua magari mawili ya aina moja siku moja, wakarudi wamefuatana wakipiga honi kama arusi. La mzee halikuchoka. Alikwenda nalo msikitini na kwenye misiba, basi. Alipofariki, Awad akaitoa injini akaifunga kwenye pampu ya kisima, na giaboksi ikabaki humo humo kwenye tumbo la gari, imepumzika, haina kazi.

Kwa nini hatukwenda kwake siku ya kwanza? Kwa sababu ya shamba. Baba akifa, dada wote wa kule juu husaini kuwaachia kaka zao ardhi. Ndiyo desturi, ingawa haimo kwenye dini. Hiyam hakusaini. Akasema fungu langu ni fungu langu, Mungu ndiye aliyelikata. Akatuma wazee kwa Awad wamweleze. Awad akawapa wazee kahawa, akawarudisha, na tangu hapo kaka na dada wakikutana kwenye msiba mmoja anaangalia ukuta, mwingine anaangalia mlango.

Mwanzoni majirani walitupeleka hospitali. Watu wa kwetu si wabaya. Lakini kazi yenyewe ni kuondoka kabla ya jua, kungoja saa nne nzima, kurudi na mgonjwa anayetapika, na kesho kutwa tena. Mmoja betri ikamfia. Mwingine akapata mgeni. Wa tatu aliacha tu kupokea simu. Siwalaumu. Jumatano ya wiki ile tukabaki tumesimama barabarani na mto na blanketi mpaka jua likatuunguza.

Usiku wa kuamkia Alhamisi Hiyam hakuweza kulala chali. Alikuwa anaketi, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya hewa kwenye mrija. Uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Alhamisi tukalipa teksi kutoka mjini ije kumchukua, wakamwingiza kwenye mashine kwa kubembelezwa, mahali pa mtu mwingine aliyekuwa hakufika. Nesi akasema, "Safari hii mmewahi."

Tuliporudi, Hiyam akaniambia nikimpaka mafuta miguuni, "Mama, niacheni. Mmefanya mliyoweza. Kila kitu kina mwisho wake."

"Funga mdomo," nikamwambia. "Kesho tunakwenda kwa Awad."

"Mimi siombi pale."

"Nani kasema uombe? Ataomba Mufleh. Wewe kaa na wanawake."

Nikamwita Mufleh, nikamfunda kama mtoto ingawa hakuna mwanamume wa kwetu asiyejua jambo hili. "Kahawa ikija, kikombe ukipokee, ukiweke chini mbele yako. Usikiguse. Awad atakuona. Atakuambia kunywa. Usinywe. Atakuambia kunywa kahawa yako, haja yako imekubaliwa. Hapo ndipo unywe. Na akishatamka hivyo mbele ya watu, hata kama ana jiwe moyoni atatoa."

"Najua, mama."

"Najua kuwa unajua. Rudia."

Akarudia.

Ndio tukawa pale mlimani sasa, Ijumaa kabla ya swala, gari limenuna. Mufleh akalala juu ya usukani. Nilidhani analia. Kisha akainua kichwa, akasema, "Rivasi bado inashika."

"Nini?"

"Gia ya nyuma. Jana niliijaribu uani. Za mbele zimekwisha, lakini ya nyuma inashika kama mbwa."

Akaliachia gari likateremka polepole hadi kwenye uwanja wa msikiti, akaligeuza kwa kulibembeleza pale penye tambarare, akaelekeza makalio yake mlimani. Akakunja shingo, akaweka mkono juu ya kiti cha Hiyam, na tukaanza kupanda kinyumenyume.

Sijui kama utanielewa nikikuambia ilivyo kupanda mlima hivyo. Unakwenda, lakini macho yako yanaona unakotoka. Nyumba yetu ikawa inapungua mbele yetu, mnara wa msikiti ukawa kama kijiti, na kule mbali bonde la Mujib likafunuka. Giaboksi inalia mlio mwembamba, mlio wa birika. Wanawake walikuwa juu ya mapaa wanaanika jamidi, maziwa ya kukausha, mabonge yao meupe yamepangwa kwenye mashuka. Wote wakasimama.

"Mama Mufleh!" Mmoja akapaza sauti. "Mnakuja au mnaondoka?"

"Liulize gari!" nikamjibu.

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ukiwa na aibu ya namna ile bora uwe wa kwanza kuicheka. Lakini Mufleh jasho lilikuwa linamtiririka shingoni likiingia ndani ya kanzu. Shingo imepinda, mdomo wazi, vumbi lote la breki na la barabara linaingia. Kila kona nilimsikia anameza mate ambayo hayapo. Hiyam alishika mlango kwa mikono miwili. Mara moja tu alisema, kwa sauti ndogo, "Usisimame, Mufleh. Likisimama haliondoki tena."

Hakusimama. Tulifika kwa Awad kwa mgongo, bampa la nyuma likagusa nguzo ya lango, injini ikazima yenyewe.

Awad alikuwa mlangoni, mrefu, mvi zimemjaa, mikono nyuma. Pembeni yake alikuwepo mzee Dheifallah, jirani yake, yule asiyekosekana kwenye sebule yoyote yenye kahawa. Awad akalitazama gari, akatutazama sisi.

"Karibuni," akasema. "Shemeji Mufleh, miaka yote hii mmenipa kisogo. Sikujua kuwa siku mkija, mtatanguliza kisogo vilevile."

Mzee Dheifallah akacheka mpaka akakohoa. Mufleh naye akatabasamu tabasamu la mtu aliyebanwa kidole. Hiyam akapita bila kumtazama kaka yake; Intisar, mkewe Awad, akamshika mkono akamwingiza upande wa wanawake. Nikaona Awad anaitazama miguu ya dada yake, vile viatu vilivyopasuliwa. Akageuza macho haraka.

Mimi kwa uzee wangu sina upande. Nikaketi sebuleni karibu na mlango, nikaletewa chai. Chai haina kesi, kila mtu anakunywa. Kati ya sebule na upande wa wanawake kulikuwa na pazia tu, na chini ya pazia niliona vile viatu.

Awad akashika birika la kahawa kwa mkono wa kushoto, kikombe kwa kulia, akamimina kidogo chini ya kikombe kama inavyotakiwa, akampa Mufleh.

Sasa nakuapia, nilikuwa namwangalia. Niliona mkono wake unaanza kushuka kwenda chini na kikombe. Na niliona koo lake linapanda na kushuka. Mtu ametoka kupanda mlima wote ule shingo imepinda, kinywa kimejaa vumbi, harufu ya kahawa na hiliki imemwingia puani. Mkono ukageuka wenyewe. Akainywa.

Akainywa yote, kwa funda moja. Na kwa mazoea, kama alivyofanya maisha yake yote, akakitikisa kikombe kusema inatosha.

Mufleh akakitazama kikombe mkononi mwake kama mtu aliyeshika nyoka akidhani ni kamba.

"Afya," Awad akasema polepole. Akakipokea.

Nilitamani nimtapishe. Kwetu aliyekunywa hana haja. Amekuja kusalimia tu, amekunywa, ameshukuru. Akianza kuomba baada ya hapo, amemdanganya mwenye nyumba kwenye zulia lake mwenyewe, na jambo lenyewe huwa haramu hata kulisikiliza. Mufleh alijua. Awad alijua. Mzee Dheifallah, ambaye macho yake ni ya mwewe, alijua kuliko wote.

Wakaongea. Waliongea juu ya mvua ya mwaka huu. Waliongea juu ya kondoo wa nani amezaa pacha. Mufleh alijibu ndiyo, hapana, alhamdulillahi, na midomo yake ilikuwa myeupe. Nikajaribu mimi.

"Awad mwanangu, kesho ni Jumamosi, na barabara ya Karak unavyoijua..."

"Mama Mufleh," mzee Dheifallah akanikata, si kwa ubaya, "mtu ameshakunywa."

"Nimeona. Nina macho."

"Basi."

Cha ajabu ni Awad. Nilidhani atafurahi, ameponyoka bila kukataa. Lakini alikaa anakizungusha kile kikombe kitupu kwenye vidole vyake, anakitazama ndani kama mtu aliyedondosha kitu humo. Hata mazungumzo yakawa yanamkwama. Naye mikono yake ilikuwa imefungwa. Atatoaje kisichoombwa? Akitoa mwenyewe, ataonekana amewaonea huruma watu waliomshitaki kwa wazee. Wangesema Awad amemnunua dada yake kwa chuma.

Mwisho Mufleh akainuka. "Tunaomba ruhusa."

"Karibuni tena," Awad akasema, akainuka pia.

Mlangoni Mufleh alishindwa kukiona kiatu chake, na kilikuwa mbele ya mguu wake. Nikainama kukisogeza. Kutoka pale hadi Karak, kesho alfajiri, kinyumenyume? Niliwaza hilo kwa dhati, Mungu wangu, nikiwaza zile kona zote na malori, na Hiyam anaona kila kitu kinampungukia mbele ya macho. Sikuwa na wazo jingine.

Hapo pazia likafunguliwa.

Hiyam akatoka, akashikilia ukuta. Akapita kati ya kaka yake na mzee Dheifallah, akaenda moja kwa moja kwenye makaa, lilipokuwa birika la kahawa. Akachukua kikombe kwenye sinia.

"Hiyam," Awad akasema, "ngoja nikumiminie. Mgeni hajimiminii."

"Mgeni nani?"

Awad akaurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha.

"Nimezaliwa chumba kile," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Birika hili nimelisugua kwa majivu tangu sijafika urefu wa meza. Kahawa ya kuwekwa chini ni ya wageni. Mufleh ni mgeni, ameshakunywa, yamekwisha. Mimi si mgeni."

Akamimina. Hakumimina kidogo chini ya kikombe, alimimina akajaza hadi ukingoni, kitu ambacho kwetu ni kumwambia mtu kunywa uende zako. Yeye akajijazia mwenyewe, akasimama pale akanywa. Mimi peke yangu nilijua kahawa ile ni nini. Maji ya Hiyam kwa siku nzima hupimwa kwa glasi ndogo ya chai, kwa kuwa hana pa kuyatolea. Asubuhi alikuwa amelilia kipande cha barafu nikamnyima. Na sasa alikuwa anainywa haki yake yote ya siku ile, bila haraka, mbele ya kaka yake.

"Hilo sijawahi kuliona," mzee Dheifallah akanong'ona.

"Basi leo umeliona, mzee wangu," Hiyam akasema, akarudisha kikombe.

Awad akatoka nje. Alitupita tu. Nikasema ametutoa, anakwenda kufungua lango. Tukamfuata uani kama watu wanaofuata jeneza.

Tukasikia kuku.

Alikuwa kwenye gari la baba yake, mlango wazi, anawatupa kuku nje mmoja mmoja wakipiga kelele. Akakusanya mayai kwenye kitambaa chake cha kichwa, akayaweka juu ya ukuta. Akavua koti. Akalala chini kwenye mavi ya kuku na kanzu yake ya Ijumaa, akaingia mvunguni mpaka zikabaki nje ndala zake tu. Tukasikia akigonga chuma, mara moja, mara mbili.

"Shemeji!" sauti ikatoka chini. "Unangoja mwaliko? Jeki iko ghalani, nyuma ya mapipa. Na wewe Dheifallah, acha kutoa macho, mlete mwanao mwenye winchi."

Mufleh akaondoka mbio, kiatu kimoja mguuni.

Kisha kugonga kukakoma. Ndala zikatambaa, akatoka Awad, uso una kutu na majani, akaketi kwenye vumbi akimtazama dada yake aliyekuwa ameegemea nguzo ya mzabibu.

"Hapana," akasema. "Ngojeni kwanza. Sijaombwa kitu. Nafanya kwa kukisia."

"Awad mwanangu, si unaona mwenyewe," nikamwambia.

"Naona, mama. Nimeona tangu mlipokuwa kule msikitini, nilisikia giaboksi inavyolia. Sitaki kuona. Nataka kusikia." Akamgeukia. "Shamba ulinitumia wazee. Leo umenitumia mumeo. Miaka yote unanitumia watu, Hiyam, kana kwamba mimi ni serikali. Mara hii sema wewe. Kwa mdomo wako."

Nilisikia pumzi ya Hiyam, ile ya mrija. Nilitaka kusema kwa niaba yake, nikauma ulimi.

"Sikusaini," akaanza, "na sitasaini. Ugomvi wa shamba uache palepale ulipo, nitarudi tugombane."

"Tutagombana," Awad akasema. "Endelea."

Akavuta pumzi. Akaachia nguzo, akasimama mwenyewe kwenye ile miguu yake.

"Nataka giaboksi ya gari la baba, kaka. Ifungwe leo, nifike kesho. Niliwaambia hawa waniache, nilikuwa nadanganya. Nataka kuishi."